Kitambaa kipo, matandazo yapo, magugu bado yapo: kutafuta chanzo kwenye tuta la miwaridi

Anayetandika kitambaa cha kuzuia magugu kati ya miwaridi yake na kukifunika kwa matandazo (magome, vipande vya mbao au majani makavu) hutarajia jambo moja: kuacha kupalilia. Mwaka wa kwanza huwa kweli. Mwaka wa pili magugu machache yanachungulia, na ukifika wa tatu au wa nne unapalilia kama zamani, ila sasa jembe haliingii, kila gugu limeshika kitambaa kama limeshonewa hapo, na mwaridi wenyewe umeanza kudorora bila sababu inayoonekana.

Nimetandika kitambaa hicho kwa mikono yangu na nimekibandua kwa mikono hiyohiyo, kwa hiyo niseme msimamo wangu mapema. Kitambaa kinafaa chini ya njia ya kokoto, mahali ambapo hakuna mmea unaotakiwa kukua. Chini ya mwaridi, matandazo manene yaliyolala moja kwa moja juu ya udongo hufanya kazi vizuri zaidi, tena kwa miaka mingi zaidi. Hata hivyo huenda kitambaa chako kimeshalala na huna nafasi ya kukitoa wiki hii. Basi anza na dalili unayoiona, kagua, ndipo uamue.

Kwanza ng'oa gugu moja utazame mizizi

Usinyakue. Sukuma matandazo pembeni kwa vidole mpaka uone kitambaa, kisha livute gugu polepole ukiwa umelishika chini kabisa.

Mizizi ikiwa imetandaa kama mkeka juu ya kitambaa, na nyuzi chache tu ndizo zimepenya, gugu hilo liliota kutokana na mbegu iliyoangukia juu. Shingo yake ikiwa ndefu, nyeupe, na inazama kwenye tundu dogo, limetoka ardhini. Likiwa ndani ya uwazi ulioukata kwa ajili ya shina la mwaridi, kitambaa hakihusiki, uwazi ndio mlango. Na likiwa limekuja kwa kutambaa, lifuate kwa mkono mpaka lilikoanzia. Mara nyingi utafika kwenye nyasi za uwanja, nje ya tuta.

Fanya hivyo kwa magugu kama kumi, sehemu mbalimbali. Kumi yanatosha kukuonyesha mlango mkuu ni upi. Wengi huruka hatua hii na kuongeza tabaka la pili la kitambaa, jambo ambalo halisaidii kitu ikiwa magugu yanaanzia juu.

Mizizi imetandaa juu ya kitambaa

Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na inamuuma mtu kwa sababu kitambaa hakijachanika wala hakina kosa. Matandazo ya asili huoza, na kuoza huko ndiyo faida yake. Magome, vipande vya matawi yaliyosagwa, majani makavu: kila msimu tabaka la chini linageuka mboji nyeusi laini. Pasipo na kitambaa, nyungunyungu huivuta mboji hiyo ardhini na udongo ukanufaika. Penye kitambaa mboji inakwama juu, inachanganyika na vumbi la upepo, na baada ya miaka miwili mitatu unakuwa na kitanda cha mbegu chenye unyevu na rutuba, kimelala juu ya plastiki. Mbegu za kishona nguo, za nyasi, za mchicha pori zinafika humo kwa upepo, kwa ndege na kwa nguo zetu wenyewe, na zinaota bila shida.

Kuthibitisha ni rahisi. Chukua konzi ya matandazo kutoka chini kabisa, uikamue. Ikishikamana kama udongo na kukuachia weusi kiganjani, jibu unalo mkononi.

Ikiwa kitambaa kinabaki, kazi ya kila mwaka ni hii: kokota matandazo pembeni kwa reki, zoa ule unga mweusi uumwage kwenye uwazi wa kila mwaridi au kwenye tuta jingine, kisha rudisha vipande vikubwa na uongeze vipya. Vipande vikubwa hukauka upesi juu, na mbegu inayoangukia penye ukavu huchelewa kuota. Matandazo laini kama majani yaliyosagwa yanatosha yakiwa na unene wa sentimita 5. Vipande vikubwa vya mbao au magome vinahitaji 8 hadi 10. Chini ya hapo mwanga unafika, na mbegu nyingi ndogo zinasubiri mwanga tu.

Magugu yenyewe yatoe yakiwa na majani mawili, kabla mizizi haijashona kitambaa. Yakishakuwa makubwa, usivute. Kata kwa kisu usawa wa kitambaa. Ukivuta kwa nguvu unapanua tundu, na tundu hilo litapitisha gugu jingine kesho. Gugu la msimu mmoja likikatwa hapo limekwisha. La kudumu litachipua tena, nawe utalikata tena.

Uwezekano mwingine ni kwamba mbegu ulizinunua au ulizibeba mwenyewe. Ukiona magugu mengi ya aina moja, yote ya rika moja, wiki chache tu baada ya kutandaza, shuku matandazo: nyasi zilizokatwa zikiwa tayari na masuke, mabua yenye nafaka, samadi ambayo haijaiva. Mboji iliyopata joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku kadhaa, ikapinduliwa ili pembe zote zipite kwenye joto hilo, huwa imeua mbegu nyingi. Lundo lililokaa tu bila kuchemka halijaua.

Gugu limetoboa kutoka chini

Hapa mshukiwa wa kwanza ni ndago. Chipukizi lake lina ncha kali inayotoboa nailoni nyeusi kama sindano, na hupenya pia vitambaa vyepesi visivyofumwa. Kitambaa kizito kilichofumwa kwa polipropilini (aina ya plastiki) huishikilia zaidi, ila hakiiondoi. Chini kuna viazi vidogo vilivyoungana kwa nyuzi kama shanga. Ukiua kimoja, vingine vinaamka. Kuvuta majani peke yake kunaacha mkufu wote ardhini.

Njia mbili tu ndizo nimeziona zikifaa. Ya kwanza ni kuchimbua kwa uma wa bustani kabla ya kupanda chochote, ukikusanya viazi kimoja kimoja. Vingi viko ndani ya sentimita 15 hadi 20 za juu. Kati ya miwaridi iliyokwisha kushika huwezi kuchimba hivyo bila kuikata mizizi yake, kwa hiyo inabaki ya pili: kuichosha. Kata kila chipukizi kila baada ya wiki mbili, bila kuruka, msimu mzima na pengine wa pili. Kila jani linalotoka linatumia akiba ya kiazi, na ukiliondoa kabla halijarudisha chakula chini, akiba inapungua. Ukiiacha wiki sita imeshatengeneza viazi vipya na umerudi mwanzo. Ni kazi ya subira, na ni rahisi kuifanya penye matandazo matupu kuliko penye kitambaa, ambapo ndago inajikunja chini bila wewe kuiona.

Ukoka ni tofauti. Wenyewe unapenda kusafiri. Shina lake jeupe linatambaa chini ya kitambaa gizani likitafuta mwanga na kuchomoza kwenye kila mpasuko. Kagua mahali vipande viwili vya kitambaa vinapokutana: vikiwa vimepandana chini ya sentimita 15, hapo ndipo pa kupitia. Kagua pia ukingo wa tuta. Mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita 15 kati ya uwanja na tuta, unaosafishwa kwa sepeto kila baada ya wiki chache, huzuia ukoka kuliko kitambaa chochote nilichowahi kutandika, kwa sababu unauona ukivuka na unaukata hadharani.

Magugu yanakaba shina lenyewe

Uwazi mdogo huzuia magugu lakini hukaba mwaridi, na uwazi mkubwa hupumzisha mwaridi lakini huleta magugu. Chagua mkubwa. Kipenyo cha sentimita 30 hadi 40 ndicho ninachokata, kisha najaza matandazo humo, nikiacha pete tupu karibu na shina, na kupalilia kwa mkono uliovaa glavu nene. Nitaeleza chini kwa nini mwaridi hauvumilii uwazi mdogo.

Angalia pia kama hilo unaloliita gugu si mwaridi. Miwaridi mingi imebebeshwa: kikonyo cha aina unayoipenda kimeunganishwa juu ya mche wa aina nyingine yenye mizizi imara. Mche huo wa chini ukitoa maotea, yanachomoza mbali kidogo na shina, mara nyingine kupitia tundu la kitambaa, yakiwa na majani na miiba isiyofanana na ya mti wako. Usitegemee kuhesabu vijani vinavyounda jani moja, kama wengine wanavyoshauri, maana idadi hutofautiana hata kati ya miwaridi ya bustani. Fukua ufuate otea hilo mpaka linapotokea. Likiwa limeanzia chini ya kile kivimbe cha maungio, libandue pale pale kwenye mzizi. Ukilikata juu kwa mkasi umelipogoa tu, litarudi na matawi mawili.

Matandazo yameloa, udongo ni mkavu

Unamwagilia kila siku na mwaridi unanyauka mchana. Ingiza kidole, au chimba kidogo kwa kijiko cha bustani, mpaka sentimita 10 ndani ya udongo wenyewe. Pakiwa pakavu, maji yanazuiwa njiani, na kuna mahali pawili pa kutazama.

Pa kwanza ni kitambaa. Vijitundu vyake huziba kwa ule unga mweusi na udongo laini. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka katikati ya tuta na kingine kutoka ukingo uliokunjwa chini, ambao haujapata uchafu. Funga kila kimoja kwa mpira juu ya mdomo wa kopo, mimina kikombe cha maji, tazama. La ukingoni likipitisha mara moja na la katikati likishikilia dimbwi, kitambaa chako kimezeeka. Kukiosha tutani haiwezekani. Toboa matundu kwa uma wa bustani kama hatua ya muda, ukijua kwamba kila tundu ni mlango wa gugu, na panga kukitoa.

Pa pili ni matandazo yenyewe. Vipande vya mbao na majani vikikauka kabisa kwa muda mrefu, nyuzi za kuvu zikavifunga pamoja, huunda gamba linalokataa maji. Tone linakaa juu kama lulu na kutiririka pembeni. Livunje gamba kwa reki, mwagilia kidogo, subiri nusu saa, mwagilia tena. Baada ya hapo uliparaze kila baada ya wiki kadhaa.

Namna ya kumwagilia nayo ina sehemu yake. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunalowesha sentimita nane za matandazo na kuishia hapo. Mwaridi unataka maji mengi kwa mara chache, yafike chini. Kama unatumia mpira wa matone, uwe chini ya matandazo, juu ya udongo.

Mwaridi hautoi matawi mapya kutoka chini

Dalili hii huja polepole na ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu mwenye bustani huilaumu mbolea au aina ya waridi. Mti una matawi matatu ya zamani, magome yake yamekuwa ya kahawia na magumu, maua ni machache na yako juu tu. Chini ni mifupa.

Mwaridi hujifanya upya kutoka kitakoni. Kila mwaka au miaka miwili chipukizi nene jekundu linapasuka karibu na maungio, linapanda kwa kasi, nalo ndilo linalobeba maua mengi msimu unaofuata huku wewe ukiondoa tawi la zamani. Kitambaa kilichokatwa kwa alama ya msalaba na kubanwa shinani hulinyima chipukizi hilo mwanga na njia. Nimefunua vitambaa nikakuta machipukizi meupe yamejikunja chini kama minyoo, yamekufa yakitafuta tundu. Matandazo yaliyorundikwa shinani kama kichuguu hufanya vilevile.

Tiba haihitaji fedha. Panua uwazi mpaka sentimita 30 au 40. Ondoa kabisa pembe zile nne za msalaba, usizikunje chini, maana zikikunjwa zinarudi. Sogeza matandazo yaache pete tupu ya sentimita 10 hivi kuzunguka shina. Kisha safisha kitako kwa brashi ngumu, udongo na majani yaliyooza yatoke, mwanga uguse gome. Ukipogoa, ondoa tawi moja kuukuu kutoka chini kabisa. Usitarajie kuona kitu wiki hiyo. Mti uliodumaa miaka mitatu unaweza kuchukua msimu mzima kujibu, lakini miwaridi ina roho ngumu, na mingi hujibu.

Katika sehemu zenye baridi kali ya kugandisha, watunzaji hurundika udongo au matandazo juu ya maungio kwa makusudi wakati wa baridi. Hilo ni sawa, mradi yaondolewe joto linaporudi. Tatizo huanza yakisahauliwa.

Majani yanageuka njano

Watu husikia kwamba matandazo ya mbao "yanakula nitrojeni" na kuyalaumu kwa kila jani la njano. Ukweli una mipaka. Bakteria na kuvu wanaooza mbao huchukua nitrojeni kutoka udongo unaoigusa, na mbao zikiwa juu eneo hilo ni tabaka jembamba la juu tu. Mizizi ya mwaridi ulioshika iko chini yake. Mbegu zinazoota juu ndizo zinazoteseka, na hiyo kwetu ni heri. Shida ya kweli huja pale vumbi la mbao au maranda yanapochimbiwa na kuchanganywa na udongo. Hapo nitrojeni ya eneo lote la mizizi inafungwa kwa miezi.

Tazama ni majani yapi. Ya chini, ya zamani, yakipauka yote kwa usawa mpaka kwenye mishipa, mti unakosa nitrojeni. Fukua uone kama kuna vumbi la mbao lililochanganyika. Ongeza mbolea ya nitrojeni au samadi iliyoiva, na usichimbie mbao tena. Kagua pia mahali ulipokuwa ukimwaga mbolea ya punje: ukifukua matandazo na kuzikuta punje zimelala juu ya kitambaa, umekuwa ukilisha magugu ya juu. Mbolea iwekwe kwenye udongo, ndani ya uwazi, kisha imwagiliwe.

Majani machanga ya juu yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mti unakosa madini ya chuma, au chuma kipo lakini hauwezi kukichukua. Miwaridi hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi; kikipanda, asidi imepungua) kati ya 6 na 6.5. Kokoto za mawe ya chokaa zikitumika kama matandazo hupandisha pH taratibu, na chuma kinajifungia. Ziondoe, hata kama zinapendeza. Mawe pia hushika joto la mchana na kulirudisha kwenye majani. Pima udongo kabla ya kununua dawa yoyote ya chuma.

Na majani yakiwa ya njano, yamelegea, huku udongo chini ya kitambaa umelowa na unanuka, mizizi haipati hewa. Udongo wa mfinyanzi uliofunikwa kwa kitambaa kilichoziba hukaa hivyo baada ya mvua nyingi. Funua, acha upumue, punguza maji. Kumwagilia zaidi kwa sababu majani yamenyauka ndiko kunakoua mti katika hali hii.

Gome la chini ni laini au limetafunwa

Matandazo yanayogusa shina huliweka unyevu wakati wote, na gome lenye unyevu wa kudumu hufanya madoa ya kahawia, hulainika, huoza. Sogeza matandazo, kata tawi lililooza mpaka kwenye mti mweupe, acha kitako kikauke. Gome likiwa limechunwa kwa alama za meno mawili mawili, ni panya, na makazi yao yako chini ya kitambaa: inua ukingo utaona njia zao laini zilizosuguliwa. Pete tupu kuzunguka shina huwaondolea maficho ya kutafunia.

Majani yamekuwa membamba kama nyuzi, yamesongamana

Kumbuka kama mwaka huu au uliopita mtu alipuliza dawa ya magugu ya glaifosati kwenye magugu yaliyotoboa kitambaa. Matawi machanga ya mwaridi yana gome la kijani linaloweza kunyonya dawa hiyo kama jani, na madhara huweza kujificha mpaka machipuo ya msimu unaofuata. Kata matawi yaliyoathirika, mwagilia vizuri, subiri. Mti uliopata dozi ndogo hujikomboa. Huko Marekani ya Kaskazini kuna ugonjwa wa virusi uitwao Rose Rosette unaofanana na hali hii, unaosambazwa na utitiri mdogo mno. Ugonjwa huo huleta wekundu usioisha na miiba mingi isiyo ya kawaida, na mti wake haujikomboi bali hung'olewa.

Majani yaliyojikunja kama vikombe, hasa muda mfupi baada ya kutandaza mabua, nyasi kavu au samadi, yanaashiria viuagugu vya malishoni kama aminopiralidi na klopiralidi. Hivi hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika na kubaki kwenye mabua kwa muda mrefu. Jaribu kwa maharage: panda mbegu chache kwenye chungu chenye udongo uliochanganywa na samadi au mabua hayo, na nyingine kwenye udongo mtupu. Maharage ya chungu cha kwanza yakitoa majani yaliyojikunja na ya pili yakawa mazuri, zoa matandazo yote.

Majani yameungua usiku mmoja baada ya kutandaza

Nusa. Lundo kubwa la mbao zilizosagwa likikaa limeshindiliwa bila hewa huchacha, likatoa harufu ya siki, ya amonia au ya yai viza. Likitandazwa hivyo, mvuke na asidi yake huunguza majani ya chini ndani ya saa chache. Mwagilia kwa wingi mara moja, yavute mbali na shina. Siku nyingine, yenye harufu hiyo yatandaze kwanza mahali pa wazi kwa siku kadhaa. Matandazo mazuri hunuka kama msitu baada ya mvua.

Uyoga, nyuzi nyeupe, kitu cha njano kama matapishi

Havidhuru mwaridi. Uyoga na nyuzi huozesha mbao, na hiyo ndiyo kazi yake; kile cha njano hula bakteria waliomo humo. Kama vinakukera, vigeuze kwa reki.

Madoa meusi yamezidi tangu utandaze

Ugonjwa wa madoa meusi unatokana na kuvu *Diplocarpon rosae*. Mbegu zake hukaa kwenye majani yaliyoanguka na hurushwa juu na matone ya maji. Zikikuta jani limebaki na maji kwa saa saba hivi, zinaingia. Matandazo mapya yaliyowekwa juu ya majani yaliyoanguka huzuia matone hayo, kwa hiyo kwa kawaida yanasaidia. Ukiona ugonjwa umezidi, uliza mambo mawili: je, uliokota majani yenye madoa na kuyasaga yawe matandazo? Na je, unamwagilia kwa juu jioni? Majani yenye madoa yatoke bustanini, na maji yaende chini asubuhi.

Unapoamua kukitoa

Chagua wakati mti umepumzika au umetoka kupogolewa. Mwagilia siku moja kabla, udongo laini huachia mizizi bila kuikata. Zoa matandazo uyarundike pembeni, yatarudi. Kisha kata kitambaa kwa mkasi kutoka ukingoni kuelekea shinani, vipande vyembamba, na uinue kila kimoja taratibu. Usivute shuka zima. Mizizi midogo ya mwaridi hupanda kufuata unyevu unaokaa chini ya kitambaa, na mingine imeshajisuka ndani yake. Ukivuta kwa nguvu unachuna nusu ya mizizi ya kulishia mti.

Panapokuwa na mizizi midogo, ikate kwa mkasi safi, itaota upya. Mzizi mnene kama kidole uliopenya, kata kitambaa pande zote mbili uache kipande kidogo hapo. Okota nyuzi zote za plastiki zilizochanika, maana haziozi, huvunjika tu kuwa vipande vidogo, na usizichome moto.

Udongo utaukuta mgumu, umepauka, hauna nyungunyungu. Usiuchimbe. Uchome kwa uma bila kuupindua, tandaza mboji iliyoiva ya sentimita 2 au 3, mwagilia mpaka chini. Kama magugu yalikuwa mengi, laza juu yake maboksi ya kawaida yasiyo na rangi ya kung'aa, yaliyotolewa utepe, tabaka moja lililopandana sentimita 15 na kuloweshwa kabisa. Yataoza yenyewe ndani ya miezi. Yaishie mbali na kitako cha mwaridi. Mwisho rudisha matandazo, ongeza mpaka sentimita 8. Tuta la mita za mraba 10 litakula mita za ujazo 0.8, kwa hiyo usishangae lundo lililoonekana kubwa likiisha.

Wiki za kwanza mbegu zilizolala chini ya kitambaa zitaota pale matandazo yalipo membamba. Pita kila wiki, zing'oe zikiwa na majani mawili. Sasa zinatoka kwa vidole viwili, bila kisu. Chomeka kijiti chenye alama ya sentimita 8 katikati ya tuta, na matandazo yakishuka hadi 5, ongeza.